Mshona Hando na Fundi wa Friji

"Hivi wewe, Everlyne, huugua kwa kalenda?"

Ndivyo alivyouliza Mama Pamela, jirani wa ukuta mmoja kule mtaa wa Barani, Malindi, asubuhi aliyomkuta Everlyne ameinama juu ya ndoo ya maji, mkono mmoja umeshika mfereji na mwingine umeshika tumbo. Hakuuliza kwa ubaya. Mama Pamela alikuwa mwanamke wa kuona na kusema, basi. Mwezi uliopita, siku kama zile, alimsikia akigumia kitandani. Na mwezi wa kabla ya huo vilevile. Halafu siku zikipita humwona ametoka, kilemba kimekaa sawasawa kichwani, anaenda zake sokoni kushona kama mtu asiyejua maumivu ni nini.

Everlyne alicheka ili asilie. "Ni tumbo tu, Mama Pamela. Kila mwanamke analo."

"Analo, lakini si kila mwanamke hutambaa nalo. Nenda hospitali, mwanangu. Usiwe wa kuombewa tu."

Kuombewa alikuwa ameombewa. Mamake, Dorcas, kule nyumbani Tezo, alifunga na kuomba mpaka mashavu yakaingia ndani. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema akiolewa litapoa lenyewe. Everlyne mwenyewe alishachoka kusema. Alivaa dera lake la buluu lenye maua meupe, akabeba begani furushi la kitambaa cha hando, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kushona hando. Mgeni anayeiona mara ya kwanza, sketi ile ya Wagiriama, hudhani mwanamke amejifunga mawingu kiunoni, kwa wingi wa marinda. Siku hizi huvaliwa harusini na kwenye sherehe, na mtu akitaka marinda yanayocheza akicheza mvaaji, aliambiwa amtafute Everlyne, soko la Malindi, kibanda cha mwisho karibu na duka la sharubati.

Siku hiyo hakufika kibandani. Soko lilikuwa limefurika, mikokoteni inapiga honi za mdomo, wauza maembe wanaitana, na maumivu yakamshika pale pale mbele ya duka la sharubati. Kikajipinda kitu ndani ya tumbo kama nguo inayokamuliwa. Akaona kisanduku cha chuma, akakikalia.

"Dada," sauti ikatoka nyuma ya friji kubwa, "umekalia bisibisi yangu."

"Basi ichukue," alijibu Everlyne bila kuinuka.

Akatambaa nje kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ovaroli imefunguliwa kifuani, shavuni kuna doa la grisi. Alikuwa anacheka. Alipoiona sura ya Everlyne, kicheko kikamfia mdomoni.

"Wewe ni mgonjwa. Ngoja." Akafungua friji, akachota barafu, akaifunga kwenye mfuko. "Weka hapo panapouma."

"Baridi hapana! Lete moto."

"Moto? Dada, mimi ni fundi wa friji. Moto nitautoa wapi?"

"Sasa wewe ni fundi gani usiyekuwa na moto?"

Kijana akakimbia kwa mama wa mahamri, akarudi na chupa ya soda iliyojazwa maji ya moto. Akaizungushia koti zito lenye manyoya ndani, lile alilovaa akiingia vyumba vya barafu vya mahoteli. Kwa joto la Malindi, watu waliokuwa wakipita walicheka kumwona mtu amekumbatia koti kama lile. Everlyne hakujali. Aliliweka tumboni, akafumba macho, na polepole kile kitu kikaanza kulegea.

"Asante, kaka. Waitwa nani?"

"Kioko."

"Mkamba?"

"Wa Makueni. Ni jina limenisema ama ni sura?"

"Ni Kiswahili chako," alisema Everlyne, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kwa kweli.

Aliondoka na chupa na koti. Jioni simu ikaita.

"Halo, ni mimi. Nilipewa namba yako na muuza sharubati. Naulizia chupa yangu."

"Chupa tu?"

"Na koti. Kesho naingia chumba cha barafu, nitaganda."

"Na mwenye tumbo humuulizii?"

"Huyo ndiye nilikuwa naanzia mbali nimfikie."

Basi likaanza jambo lao hivyo. Kioko alikuwa amepanga chumba mtaa wa Shella, hapo hapo Malindi, na kila alipotoka kazini alipita sokoni kumbebea Everlyne furushi lake. Alimwita Moto Wangu. Naye Everlyne alimwita Baridi, mbele za watu, bila haya.

"Hii kitambaa ni mingi, Moto Wangu. Mtu mmoja anavaa yote?"

"Kitambaa hiki ni kingi."

"Kingi, mingi, si itamfunika tu?"

"Kitakufunika wewe mdomo, Baridi. Tembea!"

Lakini mwezi haukukosa kuzunguka, na ulipozunguka, Kioko aliona kwa macho yake. Alimkuta sakafuni, meno yameuma pembe ya leso. Akapiga magoti. Hakuuliza habari za kalenda. Alisema tu, "Kesho tunaenda Kilifi. Kuna daktari wa akina mama, nilitengeneza friji ya dawa kwao. Mimi nakupeleka, wewe unakubali. Sawa?"

"Na kama atasema kizazi kimeharibika?"

"Basi atakuwa amekwambia mbele yangu."

Neno hilo ndilo lililomfunga Everlyne kwa Kioko kuliko maneno yote matamu. Maana mpaka siku ile hakuna mtu aliyekubali kusimama pamoja naye mahali ambapo jibu lingeweza kuwa baya.

Daktari Cherop alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alimpitisha kwenye mashine ya picha, akamrudisha kitini, akamweleza kama mtu anayemweleza ndugu yake.

"Everlyne, ndani ya nyumba ya mtoto kuna utando. Kila mwezi humomonyoka, ukatoka, ndiyo hedhi. Wewe utando unaofanana na huo umeota pasipo pake, kwenye kifuko cha mayai cha kushoto. Kila mwezi nao hutoa damu kama mwenzake, lakini damu ya huku haina mlango. Imejikusanya, nzito, rangi yake kama kahawa, ikawa uvimbe. Na huu uvimbe umegandamana na utumbo. Ugonjwa huu huitwa endometriosis."

"Si kurogwa?"

"Si kurogwa. Wala si dhambi."

Everlyne aliinama, machozi yakadondokea dera. Miaka yote aliyokuwa akitubu makosa asiyoyajua ikampita mbele ya macho.

"Sasa utafanya nini, daktari?" Kioko aliuliza.

"Naweza kuutoboa uvimbe na kuinyonya ile damu, lakini ukuta wake ukibaki, utajaa tena. Naweza kukitoa kifuko chote. Maumivu yatapungua, na mayai ya upande huo ndiyo yamekwenda. Au naweza kuubandua ukuta wa uvimbe peke yake, nikakiacha kifuko mahali pake. Kwa umri wako, na kwa kuwa hujazaa, ningependa hilo la mwisho. Ila nisikufiche. Ukuta ule ukibanduka, hutoka na nyama nzuri kidogo, na mayai yamo humo."

"Kama kufumua bitana," Everlyne alisema polepole.

"Bitana ni nini?"

"Kitambaa cha ndani cha koti, daktari. Ukiivuta kwa pupa inachana koti lenyewe. Yataka uifuate mshono kwa mshono."

"Basi ndiyo kazi nitakayofanya. Na panapovuja damu, kuna kuchoma kwa umeme na kuna kushona. Kuchoma ni haraka, ila joto lake huua mayai ya jirani. Nitashona kila nitakapoweza."

"Shona, daktari." Everlyne aliinua uso. "Hata ukichelewa. Shona."

Kioko alitaka kujua kama tumbo litapasuliwa lote. Daktari akaeleza kwamba ni matundu madogo, moja kitovuni na mengine chini yake. Tumbo hujazwa hewa likapanda, ikaingizwa kamera nyembamba na vyombo vyembamba, na kazi yote hutazamwa kwenye kioo kama televisheni.

"Kwa hiyo watu wataangalia tumbo lako kwenye TV," Kioko alimnong'oneza wakitoka. "Moto Wangu, umekuwa staa."

"Nyamaza, Baridi. Naogopa."

"Mimi pia naogopa. Ndiyo maana naongea sana."

Siku ya upasuaji Dorcas alikuja kutoka Tezo, leso mbili mabegani, Biblia kwapani. Aliketi na Kioko kwenye benchi refu, mama wa Kigiriama na kijana wa Kikamba. Simu ya Kioko iliita mara nyingi. Kila ikiita alitoka nje, akaongea Kikamba, akarudi ameinamisha kichwa.

"Ni nani anayekuhangaisha hivyo, mwanangu?" Dorcas aliuliza.

"Ni mama. Anataka kujua niko hospitali na nani."

"Na umemwambiaje?"

"Nimemwambia niko na mtu wangu."

Dorcas alimtazama kwa muda mrefu, akafungua Biblia yake. Moyoni alimshukuru Mungu kwa ajili ya kijana huyo.

Everlyne alipozinduka, kitu cha kwanza kilichomuuma hakikuwa tumbo. "Bega," alilalama. "Nimepasuliwa tumbo, mbona naumwa bega?"

Muuguzi akacheka. "Ni ile hewa tuliyokujaza, inatafuta njia. Umetoa hewa?"

"Nimetoa nini?"

"Hewa, dada. Kule chini. Ukitoa, tutajua utumbo umeamka. Usione haya."

Kioko, aliyekuwa miguuni pa kitanda, aligeukia ukuta mabega yanamtikisika. Everlyne alitaka kucheka, mishono ikamkataza. "Mtoeni huyo! Mtoeni, ataniua kwa kicheko!"

Akaenda kuuguzwa Tezo. Hakuruhusiwa kuinua ndoo, wala kukanyaga cherehani, wala kujifunga nguo ya kubana kiunoni. Alitembezwa na mamake uani, hatua za mtoto, akinyweshwa uji wa mtama. Kila asubuhi simu ililia.

"Habari ya asubuhi, Moto Wangu. Umetoa hewa?"

"Mshenzi wewe! Mama anakusikia!"

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," Dorcas hujibu kutoka jikoni, na kicheko chake huwafikia wote wawili.

Vidonda vilikauka vikawa alama ndogo, kama mahali sindano imepita mara mbili. Wakarudi kwa Daktari Cherop kupata majibu.

"Ukuta wote nimeubandua," alisema. "Nilishona, kama nilivyokuahidi. Utumbo nao umeachana na kifuko. Lakini uvimbe ulikuwa mkubwa, na nyama nzuri iliyobaki upande wa kushoto si nyingi. Wa kulia uko vizuri. Nitakupa vidonge vya kumeza kila siku, vinaulaza ule utando usirudi. Siku mtakayotaka mtoto, mtaviacha, na msikawie kunijia. Mlango haujafungwa, Everlyne. Ila siwezi kukuahidi kitu nisichokishika mkononi."

"Kuna uwezekano?" Kioko aliuliza.

"Upo."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kujaribu."

Njia nzima Kioko hakutania. Walipofika Malindi alimshika Everlyne mkono, akasema anakwenda Makueni kumwona mamake, kuna jambo la kuzungumza. Everlyne alimtazama mgongo mpaka ukapotea kati ya watu.

Kesho yake alimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Keshokutwa, imezimwa. Wiki ikaisha, ikaja nyingine. Everlyne alirudi kwenye kibanda chake, akakanyaga cherehani taratibu. Kila asubuhi baada ya sala alimeza kile kidonge kidogo, na kila alipokimeza alikumbuka uso wa Kioko ulivyokuwa aliposikia neno "kiasi cha kujaribu".

"Yule Mkamba wako yuko wapi?" Mama Pamela aliuliza.

"Amekwenda kwao."

"Atarudi?"

"Mwanamume akishasikia habari za kizazi, hurudi?"

Mama Pamela alimletea bakuli la mbaazi za nazi, akaliweka mlangoni, akaenda zake.

Halafu siku moja jua la mchana limetulia juu ya mabati ya soko, Everlyne anapanga marinda, kivuli kikaangukia kitambaa chake.

"Hii kitambaa ni kingi," mtu akasema.

Hakuinua uso. "Kitambaa hiki. Toka kwenye mwanga wangu."

"Moto Wangu."

"Usiniite hivyo! Simu umeizima, umeniacha nahesabu mabati ya paa. Ulikuwa umekufa? Maana ningekuja matangani."

Kioko alipiga magoti pale pale sokoni, kati ya vipande vya nguo. Alikuwa amekonda. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimejaa vumbi la safari. "Niliizima kwa sababu nilijua ukipiga, mama angesikia nikikujibu, aanze tena. Tumebishana, Everlyne. Anasema watu wa pwani, anasema hajui kwenu, anasema mimi ni mtoto wake pekee. Nikasema sitaoa mwingine. Amekubali. Anakuja yeye mwenyewe na wajomba wangu, kuleta posa kwa baba yako."

Muuza sharubati alikuwa ameacha kuponda barafu, anasikiliza.

"Amekubali?" Everlyne aliuliza. "Umemwambia habari yangu?"

"Nimemwambia ulifanyiwa upasuaji ukapona."

"Na lile jingine?"

"Everlyne, mama amekubali. Nitakwambia nini zaidi ya hapo? Niolee. Yaani, uolewe na mimi. Ona sasa, Kiswahili kimenikimbia."

Alicheka huku analia, akampiga kwa kile kitambaa, kisha akamvuta kichwa akakikumbatia. Muuza sharubati akapiga kigelegele kuliko wanawake. Na katika furaha ile, swali alilouliza Everlyne likapita bila kujibiwa, naye akaliacha lipite.

Siku ya posa, boma la Mzee Ngowa, babake Everlyne, kule Tezo lilifagiwa mpaka likang'aa. Kwa Wagiriama, mnazi, ile pombe ya posa, haunywewi hivi hivi. Waoaji huuleta, huwekwa mbele ya wazee, kisha binti huitwa. Huulizwa kama anawajua wageni, na kama mnazi wao unywewe. Akiridhia, huonja yeye kwanza, akampa baba. Asipoonja, wageni hurudi walikotoka. Dorcas alikuwa mtu wa kanisa, alitaka iletwe soda, lakini Mzee Ngowa alisema kwa jambo hili moja Mungu atafumba jicho.

Everlyne alivaa hando aliyojishonea mwenyewe. Tumbo lilikuwa limepona, ikafungika kiunoni bila maumivu. Juu alijifunga leso nyekundu, shingoni shanga za nyanyake. Alipotoka chumbani, Kioko, aliyevaa suti ya kijivu isiyomkaa vizuri mabegani, alisahau kufunga mdomo wake.

Mama Kioko alikuwa mama mfupi, mikono imekakamaa kwa jembe. Alimkumbatia Everlyne, akamshika uso, kisha akaweka kiganja chake tumboni, polepole, kama mtu anayegusa mkate uliotoka kuiva.

"Mwana wakwa," alisema. "Mwanangu. Pole kwa hospitali. Mungu ametulindia."

Everlyne alidhani anasema habari za mishono. "Ametulinda, mama. Asante."

Watu wakaketi mikekani. Msemaji wa nyumba alikuwa Ziro, mdogo wake Ngowa, mtu wa mzaha. Alipowauliza wageni wamepotea njia au wamekuja kusudi, Mama Kioko hakungoja wajomba waseme. Alivuta kiondo chake, akatoa shali ndogo ya manjano, ya sufu, aliyoifuma kwa mkono.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili chake cha bara, "sisi tumekuja na haya. Mtoto wetu alitangulia mbele ya wazee, akampa binti yenu mimba kabla ya kuja hapa. Huko nje tumefunga mbuzi wa kuomba msamaha. Lakini mimi nasema ukweli wangu, mnisamehe, nimefurahi. Mimi nilikuwa nimekataa hii ndoa. Niliposikia kuna mtoto, nikasema hapana, nani mimi nikatae? Nimefuma hii njiani yote."

Mzee Ngowa alimtazama mkewe. Dorcas, aliyemkanda mwanawe kwa maji ya moto, aliyejua kila kilichokuwa na kisichokuwa ndani ya tumbo lile, alimgeukia Everlyne.

Everlyne alikuwa anamtazama Kioko.

"Samahanini, wazee," alisema. "Naomba maji." Akapita nyuma ya jikoni. Kioko akamfuata.

"Ulimwambia nini mamako?"

"Nisikilize kwanza."

"Ulimwambia nini?"

"Ilikuwa siku ile hospitalini. Alipiga simu, akapiga, akapiga. Anafanya nini mwanangu hospitali na mwanamke wa pwani, ana ugonjwa gani. Ikanitoka. Nikasema una mimba ina shida kidogo. Akanyamaza, Everlyne! Mara ya kwanza akanyamaza. Nilipofika nyumbani nilitaka kurekebisha, lakini alikuwa anabishana mambo mengine yote, hilo tu ndilo lililomshika. Ningeliondoa, ningekukosa."

"Kwa hiyo nilipokuwa nimelala pale nafumuliwa tumbo ili nibakishiwe mayai, wewe ulikuwa nje unanitangazia mimba."

"Nilikuwa nakupigania!"

"Ulinipigania na uongo wa kitu chenyewe ninachokililia." Hakupaza sauti. Nje kuku walikuwa wanaparura majani. "Sasa utamwambia nini tumbo lisipokua?"

Kioko alimshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemtazama wakati ule angesema hampendi. "Nimeshafikiria. Tufunge ndoa. Halafu baada ya muda kidogo tutasema ilitoka. Watu hutokwa na mimba kila siku, Moto Wangu. Atakuonea huruma. Atakupenda zaidi. Kisha tutajaribu ya kweli, na daktari alisema upo uwezekano."

Everlyne alitoa mikono yake.

"Nilale kitandani, mamako anilishe uji, anililie mtoto wake?"

"Siku chache tu."

"Na mimi nimlilie? Nikae na wanawake, nipewe pole, niitike asante? Kioko, mimi nimewalilia watoto wa kweli, ambao sijui kama Mungu atanipa. Sina machozi ya kumlilia wa kutungwa."

"Mimi nakupenda."

"Najua."

"Basi nionje huo mnazi... yaani, uonje. Tafadhali. Mengine tutayapanga."

"Uliponiambia daktari atakuwa amenieleza mbele yako, nilidhani nimepata mtu." Aliifuta pua kwa pembe ya leso. "Kumbe wewe ukweli unauweza mpaka mlangoni pa hospitali."

"Niende nimwambie sasa hivi?"

Alimngoja. Alimpa muda. Kutoka pale walipokuwa walimwona Mama Kioko kupitia upenyo wa ukuta wa makuti, amekunja ile shali magotini, anaipapasa, anamwonyesha Dorcas pindo lake. Kioko alimtazama mamake, midomo ikasogea. Miguu haikusogea.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Itamuua."

Everlyne aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitikia salamu, akarudi barazani.

Alipiga magoti mkekani, marinda ya hando yamemzunguka. Ziro, ambaye mzaha ulikuwa umemkauka, alisukuma kibuyu cha mnazi mbele yake, mrija umesimama katikati ya povu jeupe.

"Everlyne, mwanangu," aliuliza taratibu, "watu hawa unawajua?"

"Nawajua, baba mdogo."

"Na mnazi wao, tuunywe?"

Kioko alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika nguzo. Everlyne hakumtazama. Kama angemtazama, asingeweza. Alimsogelea Mama Kioko kwa magoti, akaichukua ile shali, akaikunja vizuri, ukingo kwa ukingo, kama anavyokunja fundi nguo ya mteja, akamrudishia mapajani.

"Mama," alisema, "shali yako ni nzuri. Lakini hakuna mtoto. Hajatoka wala hajafa, usije ukamlilia. Hakuwako. Nilikuwa naumwa kifuko cha mayai, nikapasuliwa, na sijui kama nitazaa. Nisamehe."

Mkono wa yule mama ulibaki hewani, hauendi tumboni hauendi kwenye shali. "Kioko?" aliita. "Kioko, huyu anasema nini?"

Kioko aliteremsha uso.

"Everlyne," Mzee Ngowa alisema, "mwanangu, tuunywe au tusiunywe?"

Everlyne aliinuka. Alikiona kibuyu, akaliona povu linashuka, akamwona mamake anatikisa kichwa huku machozi yanamtiririka, Everlyne asijue kama anamkataza au anamruhusu. Alikusanya marinda yake mkononi yasikanyagwe na mtu, akapita kati ya mikeka, akampita Kioko mlangoni karibu hata bega likamgusa, akatoka.